Pochi Iko kwa Mtani

Kila msiba wa Watanzania pale Rosettenville una mambo mawili ya hakika: wali utashika chini, na Naseeb ataondoka na kitu cha mtu. Wali unashika kwa sababu masufuria ya kuazima hayana adabu. Naseeb anaondoka na vitu kwa sababu yeye ni Mnyamwezi, na wafiwa wengi ni Wazaramo, na Mnyamwezi akiingia kwenye msiba wa watani zake ana ruhusa aliyoachiwa na babu zake: atukane, azuie jeneza mlangoni, achukue kiatu, kofia, hata bakuli la mchuzi, na asirudishe mpaka akombolewe. Ukimwuliza kama anacho, hakatai. Akikataa utani umekwisha, amebaki mwizi wa kawaida, na wezi wa kawaida Johannesburg inao wa kutosha.

Safari hii aliyekufa alikuwa Mzee Mahmoud, muuza mablanketi. Alikufa kwa kifua, katikati ya baridi ya Julai, na hilo Naseeb hakuliacha lipite. Aliingia uani amevaa koti la marehemu, ameinama upande kama mzee alivyokuwa akiinama, anakohoa.

"Blanketi za Mahmoud! Mwenyewe zimemshinda, wewe zitakufaa!"

Zuhura, mjane, alikuwa hajatoa neno tangu mumewe akate roho. Alicheka mpaka khanga ikamdondoka kichwani. "Mshenzi mkubwa wewe," akasema, kisha akalia vizuri, kilio cha mtu aliyefunguliwa. Wanawake wakashukuru. Ndiyo kazi ya mtani.

Chiku alifika amechelewa kutoka Berea, taxi mbili, zile daladala za huko, na msongamano katikati. Alichelewa pia kwa sababu alipitia kuiangalia fremu yake ya duka. Bado haikuwa yake. Ilikuwa chumba chembamba karibu na robot, taa za barabarani, chenye mlango wa chuma na rafu mbili, na mwenye nyumba, Steve, alikuwa amemwambia alete amana kabla ya mwisho wa mwezi. Pesa alikuwa nayo benki, yote. Kwa miaka alikuwa akiuza vitenge chini, kando ya barabara, na kila askari wa jiji walipopita alifunga mzigo na kukimbia kama mwizi wa vitambaa vyake mwenyewe. Sasa angekaa ndani, juu ya kiti, na mteja ndiye angegonga.

Naseeb alimkamata getini, akautikisa mkoba wake. "Mzaramo kaja kula!"

"Nimekuja kukuzika wewe, nimekuta wamekosea mtu."

"Basi ingia, ulie kwa sauti. Hapa wali ni kwa jasho."

Wakacheka, wakaachana. Baada ya maziko Naseeb hakurudi nyumbani na wenzake, alikwenda moja kwa moja kazini. Ni mlinzi kwenye jengo la maduka kule kusini, na zamu haijui msiba.

Mchana Chiku alitia mkono kwenye mkoba atoe rambirambi. Pochi haikuwemo. Kabla hajakaa sawa, simu ikalia: ujumbe wa benki. Kadi yake imegusishwa kwenye duka la kuku wa kukaanga.

Shufaa, anayepanga naye chumba Berea, alisoma juu ya bega lake, akapiga kofi. "Naseeb! Kaanza na tumbo!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Chiku akarekodi sauti, wote wakisikiliza. "We Mnyamwezi, pochi yangu unayo wewe? Na kuku umeniachia hata shingo?"

Jibu halikuchelewa. Sauti ya Naseeb ilikuwa na shibe ya mtu anayefurahia kutukana akiwa kazini. "Ninayo, Mzaramo we. Kuku nimemaliza, na mfupa nimempa paka, maana paka ana shukrani. Kadi yako tamu! Leteni mbuzi ndiyo muione."

Ikachezwa mara mbili kwa waliokuwa jikoni.

Ukaja ujumbe mwingine, muda wa maongezi. Ukaja wa viatu. "Mwacheni," alisema Shufaa, "vya kwake vilikuwa vimeanza kucheka vyenyewe." Ukaja wa duka la vyakula, ukaja mwingine wa duka hilohilo. Chiku alianza kuingiwa na shaka, maana mtani huchukua kidogo, ili akombolewe kidogo. Lakini Zuhura pale kwenye kona yake ya eda alikuwa akiinua uso kila simu inapolia. "Kanunua nini tena, huyo?" Chiku akasoma. Mjane akatabasamu, akala matonge mawili. Nani angesimama hapo aseme basi?

Halafu ukaja wa petroli.

Shufaa alianza kucheka, akaishia njiani. "Naseeb ana gari?"

Naseeb hata baiskeli hana.

Chiku alitoka nje, kwenye baridi, akapiga. Nyuma ya sauti ya Naseeb zilisikika toroli zikisukumwa. "Mbuzi kafika?" aliuliza.

"Naseeb. Niambie kweli."

"Kweli gani? Nimesema mbuzi, tena dume."

"Wallahi unayo? Niapie."

Toroli zikapita. Alipozungumza tena alikuwa mtu mwingine. "Dada Chiku, mimi sina pochi yoyote."

Hakuwahi kumwita dada. Aliwahi kumwita kunguru, deni, mkia wa mbuzi, na mjomba wa shetani. Chiku alipiga benki wakaifunga kadi, wakati huo mwizi ameshashiba, amevaa, amejaza tangi, na amepita maduka mengine mawili. Kilichobaki kwenye akaunti kilikuwa nauli ya kurudi Berea na aibu. Pochi yenyewe ilitolewa wapi, kwenye taxi ya kwanza au ya pili, hakuna aliyejua.

Kituo cha polisi Chiku alipewa namba ya kesi na hati ya kiapo, akazipeleka benki. Dada aliyehusika na madai ya kadi alimkaribisha kiti, akampa maji. Alikuwa mtu mwema, na hilo lilizidisha ugumu.

"Kadi ya kugusisha haiulizi namba ya siri," alisema kwa Kiingereza cha pole pole, "kwa hiyo hatusemi ulitoa siri yako. Benki hurudisha, ikiwa mteja alitoa taarifa mara tu alipojua. Ujumbe wa kwanza uliingia mchana. Wewe umetupigia jioni. Hapa katikati ulikuwa wapi?"

"Msibani."

"Pole sana. Simu alikuwa nayo nani?"

"Mimi."

"Uliziona meseji?"

"Niliziona."

"Zote?"

"Zote. Nilikuwa nawasomea watu."

Yule dada aliweka kalamu chini. "Ukiwasomea."

"Walikuwa wanacheka."

Kuna mambo ambayo mdomo ukishayatoa unayasikia mwenyewe kwa mara ya kwanza. Chiku alijaribu kueleza. Alieleza Wanyamwezi na Wazaramo, alieleza mababu, koti la marehemu, mjane na matonge mawili. Dada wa benki alisikiliza hadi mwisho, hakudharau.

"Hata kwetu msibani yupo wa kutuchekesha," alisema. "Lakini haondoki na kadi ya mtu."

"Hakuondoka nayo."

"Si alisema anayo?"

"Alisema anayo kwa sababu hana. Angekuwa nayo angesema hivyohivyo."

Nyuma ya kioo foleni ilisogea.

"Hiyo sauti bado unayo?"

"Ninayo."

"Basi hiyo ndiyo itakayokusaidia. Niletee, na jina lake kamili na namba yake. Nitaandika kwamba mtu alikuaminisha kadi iko salama, ndiyo maana hukupiga. Dai lako litapata miguu. Polisi watamwita tu, ajieleze."

"Na nisipoleta?"

"Faili litaonyesha mwenye kadi aliyetazama akiibiwa, akanyamaza. Sitaki kukudanganya, mama. Nakusubiri mpaka Ijumaa."

Watamwita tu. Chiku alirudi Berea akilirudia neno hilo la mwisho. Kibali cha Naseeb cha kuishi nchini kilikwisha zamani. Kampuni yake ya ulinzi haiulizi, ndiyo maana inamlipa inavyomlipa. Akiitwa ajieleze kuhusu kadi, atajieleza vizuri sana, wenzake wa zamu watamshuhudia, na polisi watakubali kwamba hakuiba. Halafu watamwomba karatasi.

Shufaa alikuwa anakunja vitenge juu ya kitanda. "Mpe huyo dada sauti yake," alisema bila kuinua kichwa. "Akajieleze. Mtu asiye na kosa ana hofu gani?"

"Kosa hana. Kibali ndiyo hana."

"Na wewe una nini? Una magoti ya kukaa chini kando ya barabara mpaka lini? Juzi askari wamekunyang'anya mzigo, jana umekohoa usiku kucha. Unataka wakuvalie koti lako na wewe?"

Chiku aliitazama ile sauti kwenye simu, mstari mfupi wenye mawimbi, mdogo kuliko ukucha.

Alhamisi Naseeb, aliyekwisha kusikia habari za benki, alikuja mwenyewe, amevaa sare, kofia mkononi. Alikaa kwenye ncha ya kiti kama aliyekuja kuposa. Chai alipokea kwa mikono miwili.

"Asante, dada Chiku."

"Nani dada yako? Mimi na Wanyamwezi tulishatupana tangu mlipokuwa mnabebeshwa mizigo ya watu."

Hiyo ni ya zamani, kila Mnyamwezi ana majibu kumi ya kuijibu. Naseeb aliangalia chai.

"Wape sauti yangu," alisema. "Nimezungumza mwenyewe, hakuna aliyeniwekea maneno mdomoni. Ulikuwa wakati wa kusema sina, nikasema leteni mbuzi."

"Ulitakiwa useme hivyo. Ungesema sina, ningekutukana."

"Ningetukanwa, ungekuwa na fremu."

"Na wanao?" Shufaa aliuliza kutoka kitandani. Hakuwa amekusudia kuuliza, ilimtoka.

Naseeb alizungusha kofia. "Wanangu Kiswahili wanakisikia tu, wanajibu Kizulu. Tabora nitawapeleka wakazungumze na nani? Nikiondoka nitaondoka peke yangu. Lakini wape, dada. Mimi sitakulaumu."

"Usiponiacha na hilo dada lako nitakumwagia hii chai."

"Samahani."

Samahani! Chiku alimtazama mtu huyu aliyewahi kulala ndani ya kaburi la shangazi wa Chiku mpaka alipwe soda, na hakumwona popote usoni mwake. Naseeb alimaliza chai, akakiosha kikombe mwenyewe, akaaga kama anavyoaga mgeni wa mbali.

Ijumaa Chiku alipanda taxi kwenda benki. Aliketi dirishani. Kwenye robot nyekundu alitoa simu, akaisikiliza ile sauti mara moja, sikioni, peke yake. Paka ana shukrani. Akaifuta. Robot ikawa kijani, dereva akatukana aliye mbele, gari likaenda.

"Sauti sina," alimwambia dada wa benki.

"Imekwenda wapi?"

"Nimeifuta."

"Kwa bahati mbaya?"

Chiku angeweza kusema ndiyo. "Hapana."

Yule dada akavuta faili. "Na jina lake?"

"Lilikuwa kundi la watu. Tulikuwa tunacheka, sikumbuki nani alisema nini."

"Naandika hivyo?"

"Andika."

Akaandika. Alipomaliza alisimama, akampa mkono, jambo ambalo pengine halimo katika taratibu za benki. Jibu lilikuja kwa simu kabla wiki iliyofuata haijaisha, kwa mlio uleule wa petroli na viatu: dai halikukubaliwa, mteja alichelewa kutoa taarifa, asante kwa kuwa nasi.

Steve alisikitika kweli. "Eish, Chiku, nilikungoja." Fremu alipewa fundi simu, kijana mchapakazi, aliyepaka ukuta rangi ya njano siku hiyohiyo. Chiku alipita akaiona. Ilipendeza. Baridi ilikuwa bado kali, naye alikuwa na mzigo kichwani, kwa hiyo hakusimama.

Jioni alitandaza vitenge mahali pake pa siku zote, akakaa juu ya katoni, akampigia Naseeb.

"Benki wamekataa," alisema. "Na jina lako hawana. Sauti niliifuta."

Alisikia pumzi tu, na zile toroli.

"Dada Chiku," Naseeb alisema hatimaye, "sijui nitakulipa nini."

"Mbuzi," alisema Chiku haraka. "Dume. Wewe Mnyamwezi mchafu, mwenye miguu kama mwiko, umenilia fremu yangu nzima na mlango wake wa chuma, na bado una njaa. Ukoo wenu ukipita shambani hata nzige wanarudi nyuma."

Akahamishia simu sikio la pili.

"Unasikia? Nimesema hata nzige."

"Nimesikia, dada."

"Basi nijibu! Nitukane. Mtukane mama yangu, yuko Kisarawe, hana hata habari." Mteja mmoja alikuwa ameinama akigusa kitenge cha bluu, akamwona muuzaji anavyofuta macho kwa kiganja, akakirudisha taratibu na kuondoka. "Naseeb, sema chochote. Niite kunguru."

Upande wa pili redio ya ulinzi ilikoroma, mtu akaita namba ya lango.

"Uniwie radhi, dada," alisema Naseeb, kwa upole wote wa duniani. "Niko kazini."