Nyuzi za Ukutani

Mama mmoja, fundi cherehani, alianza kusahau mambo miaka minne iliyopita, lakini wateja hawakujua. Tangu ujana wake hakuwahi kuandika vipimo. Kila mteja alikuwa na uzi wake, umening'inia kwenye msumari ukutani: fundo la bega, fundo la kiuno, fundo la urefu, na nchani kipande cha nguo aliyoshonewa mwisho. Mama akiupitisha uzi vidoleni, mteja mwenyewe alimjia mzima mzima: jina, mwili, hata ugomvi wao wa kola. Mradi ukuta ulikuwepo, alikuwa fundi kamili.

Mwanawe wa pekee alikuwa mhadhiri. Sifa aliipata kwa kubishana na wenzake kwamba akili ya mtu haiishii kwenye fuvu, kwamba hata daftari lake laweza kuwa sehemu ya akili hiyo. "Akili ni ubongo, basi!" walimpigia kelele wazee wa suti siku mama alipokwenda kumsikiliza. Kijana hakurudi nyuma hata hatua moja, na mama alimpigia makofi mpaka viganja vikamuuma.

Lakini mganga hajigangi. Mama alipolazwa siku sita kwa maradhi ya kifua, mwana mwema alikuja kumsafishia chumba cha kazi. Aling'oa misumari, akapaka rangi nyeupe, na zile nyuzi "chakavu" akazitia kwenye mfuko wa taka. Gari la taka likapita.

Mama aliporudi alisimama katikati ya chumba, hajui aanzie wapi. Mteja aliyemshonea kwa miaka ishirini akaingia na kumkumbatia. Mama akamtazama kama mpita njia.

"Shoga, ni mimi!"

Mama akatabasamu kwa adabu tu. Yule mteja akaondoka na kitambaa chake kwapani, analia.

"Usijali, mama," mwana akasema. "Nitakununulia simu, tutaandika vipimo vyote humo."

"Vya nani?"

Msomi akaugeukia ukuta mweupe.

"Ungenipasua kichwa ukafagia humo ndani, wangekufunga," mama akasema. "Umefagia ukuta, majirani wanakusifu."

Mwana aliinamisha kichwa. Halafu, Mungu amsamehe maana mimi siwezi, akatoa kalamu.

"Mama, hilo umelisema vizuri mno. Naweza kulitumia kwenye mhadhara?"

"Litumie, baba. Andika upesi, maana kufikia jioni mimi sitakuwa nalo."