Rinda la Bega la Kushoto

"Hebu kivue hicho kikoti," Bibi de Vaucresson alisema, kahawa yake hajaigusa. "Nanette akione vizuri."

Guillemette, kijakazi wake, akakivua, akabaki na shimizi mbele ya mshonaji. Kilikuwa kikoti kifupi cha pamba, kama wanavyovaa wanawake wa kwao Nantes. Mama yake alikishona mwaka aliokufa. Bega la kushoto la binti lilikuwa limeshuka kwa kubeba ndoo tangu utotoni, basi mama akakunja kitambaa na kutia rinda dogo hapo, kikae sawa, watu wasimcheke. Jumatatu Guillemette alikuwa aolewe amekivaa. Leo alikivaa kwa sababu kile cha kazi hakijakauka. Heri angekivaa kile kibichi hivyo hivyo!

Mabibi wa Paris walikuwa wamechoka kubanwa na magauni. Asubuhi, wakiwa nyumbani, walitaka kuvaa kama watu wa shamba, na Bibi alitaka ashonewe kikoti kama hicho. Guillemette akamsihi mshonaji apime tu, asifumue, akamweleza habari ya Jumatatu.

"Mwanangu, mkato haujulikani mpaka nguo ifumuliwe," Nanette alisema kwa upole, na mkasi tayari uko kwenye mshono.

Bibi akamwambia asinune. Atapewa gauni la hariri la kijani, lile lililomchosha Bibi mwenyewe; kijakazi gani mwingine ataolewa amevaa hariri?

Jumamosi vipande vikarudi vimechorwa chaki na kutobolewa pini, mkono mmoja haupo. Guillemette akaolewa amevaa hariri. Njia nzima ilimteleza begani, naye akawa anaipandisha. Mlangoni mwa kanisa mama mkwe akamuuliza, watu wakisikia, ameiiba kwa nani. Siku hiyo alimchukia Bibi kwa moyo wake wote, na kesho yake akarudi kazini.

Hata majira ya kuchipua hayajaisha, kila bibi aliyekuja kunywa kahawa alivaa kikoti kifupi, na kila kikoti kilikuwa na rinda begani kushoto. Nanette aliiga kila kitu, hakuacha hata rinda. Mabega ya mabibi yalikuwa yamenyooka, rinda likawavimba.

Asubuhi moja Bibi alisimama mbele ya kioo, Guillemette akimfunga kamba za kikoti mgongoni. Bibi akalishusha bega lake la kushoto.

"Hivi?" aliuliza. "Kwenu wanasimama hivi?"

Guillemette aliliangalia bega lile jeupe.

"Chini zaidi, Bibi," akasema.

Bibi akalishusha zaidi. Guillemette akamaliza kufunga kamba, akachukua ndoo, akaenda kuteka maji.