Baiskeli Kumi na Moja

Waisiko, mama muuza ndizi, alifika mkutanoni na mzigo wake wote, mikungu minne ya ndizi imefungwa kwenye baiskeli kwa mipira. Angeiacha wapi? Tarime ina watu wema, ila ndizi mbivu zinawajaribu.

Mkutano ulikuwa pale pale barabarani, katikati ya mji, inapoishia njia ya baiskeli. Ni kipande kifupi, kimetengwa na magari kwa kingo za zege, kisha kinakatika ghafla mbele ya duka la mabati. Kuanzia hapo hadi sokoni Waisiko anasukuma katikati ya malori na bodaboda. Mwezi uliopita lori lilimpitia karibu, likaondoka na mkungu mmoja, na ngozi ya bega. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuamua: kingo zifike sokoni, au ziishie hapo.

"Ziishie hapo," alisema Nikodemo, mhandisi wa barabara. "Samahani jamani. Tumehesabu asubuhi tatu. Baiskeli kumi na moja tu."

"Kumi na moja!" Waisiko alipaza sauti. "Nani kahesabu?"

"Mimi," alijibu Mwalimu Ezra, mstaafu aliyewachapa viboko shuleni nusu ya watu waliokuwa pale, Waisiko akiwemo.

Waisiko akashusha sauti. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Mwalimu, si jana tumesalimiana hapa hapa, nina baiskeli?"

"Tulisalimiana. Lakini fomu inasema anayeendesha. Wewe ulikuwa chini, unatembea. Nikakuweka kwa waenda kwa miguu."

"Na baiskeli je?"

"Baiskeli ilikuwa mzigo."

Watu walicheka mpaka muuza mabati akatoka nje kuangalia kuna nini.

"Mikungu minne, mwalimu! Nikae wapi? Juu ya ndizi kama kuku anayetaga?"

Mwalimu hakucheka. Alifungua daftari lake, maana yeye hata waenda kwa miguu aliwaandikia walichobeba. Kidole kikashuka, ukurasa hadi ukurasa. "Wanaosukuma baiskeli," alisema polepole, "mia mbili thelathini na nane."

Nikodemo akachungulia daftari.

"Lakini anayesukuma si anaweza kupita pembeni tu?" Nikodemo aliuliza.

"Karibu, mura," Waisiko alimwambia kijana huyo, akimsogezea baiskeli. "Sukuma."

Nikodemo akakunja mikono ya shati. Hatua ya kwanza, baiskeli ikanyanyua gurudumu la mbele kama mbuzi aliyekataa kamba. Hatua ya tano, akaingia kwenye njia yenyewe, na hapo akakwama: ndizi zimegusa kingo huku, yeye kabanwa na kingo kule.

"Nisaidieni basi!"

"Toa kwanza uamuzi!" mtu akapiga kelele.

Walimvuta, jasho linamtiririka. Alichukua kalamu akafuta upana wa njia kwenye ramani yake, akaandika mwingine, mita mbili kamili, na mstari wa njia akauvuta hadi lango la soko. Mwalimu Ezra naye akakata kumi na moja, akaandika mia mbili arobaini na tisa, akatia sahihi.

"Mama, nishikie utepe wa kupimia," Nikodemo alisema.

Waisiko akakabidhi baiskeli na ndizi zake kwa mwalimu, ambaye aliishika akiwa wima kama askari. Akakamata ncha ya utepe, akatangulia kuelekea sokoni, katikati ya barabara kabisa. Nyuma yake lori likapiga honi.

"Ngoja, mura," alisema bila kugeuka. "Tunapima."