Watu Waliosimama Nyasini

Gunia lilimfunika kuanzia utosini hadi magotini, likiwa limetobolewa matundu ya macho, na miguu ikaachwa nje kama kitu ambacho hakuna aliyekikumbuka. Tulikuwa tumeketishwa uwanjani, wanawake upande huu, wanaume upande ule, umande ukitulowesha nguo. Mwenye gunia alipitishwa mbele ya wanaume, homgadi, askari wenyeji wa serikali, wakimshika viwiko. Akitikisa kichwa, mtu aliachwa. Akikiinamisha, mtu aliinuliwa kwa ukosi wa shati na kusukumwa kwenye lori. Kila mmoja wetu aliyakodolea macho yale matundu, akitafuta wa kumlaani. Mimi nilitazama chini, kwa mazoea.

Nilikuwa mtu wa miguu. Tangu Hali ya Hatari ya wakoloni ilipotuhamisha kutoka mashambani kwetu na kuturundika katika kijiji kipya juu ya Manyatta, wanawake tulichimba handaki la kututenga na wapiganaji wa msituni, na anayechimba ameinama haoni nyuso za watu. Huona miguu yao. Jioni, kabla ya kafyu, niliichora kwa mkaa kwenye ukuta wa nyumba yetu, nikaifuta kwa tambara bichi, nikaichora tena. Shule yangu iliishia darasa la nne, na huko hatukuchora ila ramani. Lakini nilitaka kuwa mchoraji kama wenzangu walivyotaka kuolewa: njia siijui, ila nina hakika ndiko niendako.

Miguu ya kwanza kuichora ilikuwa ya baba. Nilikuwa mdogo, naye seremala, akiketi juu ya gogo baada ya kazi huku akinivumilia. "Wanjira, hivyo ni viazi," aliniambia. "Mtu hawezi kwenda sokoni kwa viazi. Futa." Nikafuta. Miguu ile naijua kuliko ninavyoujua uso wangu, maana kioo hatukuwa nacho: kidole cha pili kimepanda juu ya dole gumba kama mtoto mgongoni, kovu la patasi, lililopinda kama mwezi mchanga, karibu na kifundo.

Kovu lile lilipita mbele yangu pale uwanjani, likasimama mbele ya Rwamba, jirani yetu. Gunia likainama.

Baba alikuwa Kaaga, kule Meru, akitengeneza madawati. Hivyo ndivyo tulivyojua. Alikuwa na kibali cha kwenda na kurudi, na kila mwisho wa mwezi alituletea sukari. Safari moja aliniletea brashi ya kweli, yenye manyoya, imefungwa kwa gazeti. Majirani walisema Ndambiri ana bahati.

Nilimwambia mama siku ileile. Alikuwa anamenya ndizi.

"Nimeiona miguu ya mwenye gunia."

Kisu hakikusimama. "Miguu ya watu hufanana."

"Haifanani, Mama."

"Basi wewe ifananishe."

Hapo nikaelewa kwamba alijua kabla yangu, na kwamba sukari ile tamu tuliyokuwa tukiilamba vidoleni yeye alikuwa akiimeza kama dawa. Aibu ina desturi ya ajabu: anayeitenda huvaa gunia, anayeiona huachwa uchi. Tangu siku hiyo nilitembea kijijini nikihisi watu wote wananiona hadi mfupani.

Na kazi ilikuwa inaningoja. Salesio, mwenye duka, mtu mfupi asiyeishiwa na maneno, alikuwa amenipa ukuta wa mbele wa duka lake.

"Nataka foleni," aliniambia. "Watu wa kweli, wafike mpaka barabarani. Asiyejua kusoma aone kwamba hapa watu hugombea kuingia. Ukinichorea vijiti, nitakulipa kwa kuni. Ukinichorea watu, nitampelekea habari shemeji yangu Njura, mwenye hoteli kule Siakago, nawe utakuwa fundi."

Niliwachora wakielekea kaunta, migongo kwetu: mashuka, vikapu, shingo zilizochoka, na chini yake miguu. Hapo ndipo mazoezi yangu yote yalipozaa. Wanawake wakitoka handakini walisimama na majembe begani.

"Huyu ni mimi!" akapiga kelele Wambura. "Hebu tazameni! Kisigino changu hicho, hata gaga kaliiba!"

"Afadhali wewe. Mimi kaniwekea na funza."

"Funza ni wako, dada. Hukumwazima kwa mtu."

Wakacheka hadi homgadi wa langoni akageuka. Kijiji kile hakikuwa na kicheko kingi, na hicho nilikuwa nimekitengeneza kwa mkono wangu. Alibaki mtu mmoja tu, wa mwisho kwenye foleni, ambaye sikuwa nimemtia miguu.

Wambeti, mke wa Rwamba, alinikuta hapo siku chache baada ya lori kuondoka. Alikuwa na mtoto wake, Munyi, mgongoni, na macho makavu.

"Binti Ndambiri," akaniita. "Yule wa mwisho hana miguu."

"Bado, Mama Munyi."

"Mtie ya mwenye gunia."

Rangi ilinidondokea kifundoni. Yeye hakuondoa macho ukutani.

"Sisi tuliangalia juu kama wajinga. Wewe ulikuwa unaangalia chini, nilikuona. Sitaki mtu auawe. Mimi nataka kumjua tu. Asubuhi wakija watu kuniomba moto wa jikoni, nijue ni nani nisiyepaswa kumpa."

"Nitajaribu," nikasema.

"Wewe hujaribu tena. Unajua." Akaenda zake.

Salesio akachungulia dirishani. "Anataka nini huyo? Mtie miguu yoyote, hata ya ng'ombe, mradi Jumamosi tumalize!"

Lakini miguu yoyote haikuwapo. Nikichora ya kweli, baba angeokotwa maiti ndani ya handaki ambalo mama alilichimba. Nikichora ya uongo, kila uongo ulikuwa na mwenyewe mle kijijini. Kuna mtu angeamka asubuhi, aangalie chini, akute ameshtakiwa. Na nikiharibu, nikirudi kwenye viazi vyangu vya utotoni, nani angeamini? Miaka yote niliyofuta na kurudia ilikuwa imeninyima hata haki ya kukosea.

Nikachora nyasi.

Kumficha mmoja peke yake kungekuwa kumnyooshea kidole, kwa hiyo niliwafunika wote. Nilichanganya rangi ya kijani iliyobaki kwenye milango ya Salesio na udongo wa manjano wa mtoni, nikaziotesha jani kwa jani, kuanzia kaunta hadi barabarani, mpaka zikavifika vifundo, zikavipita. Gaga la Wambura likazama, na funza, na vidole vyote nilivyovihangaikia. Nyasi zilitoka nzuri. Sijawahi kufanya kitu kizuri namna ile, na uzuri wake ndio ulionichoma.

"Mimi niko wapi?" Wambura aliuliza jioni ile.

"Uko pale pale," nikamjibu.

"Pale wapi? Yule? Au yule?" Alisogea, akarudi nyuma, akacheka kidogo kwa adabu, kisha akaingia dukani kununua chumvi.

Wambeti alisimama kwa muda mrefu kuliko wote. Hakunitukana. Alimpandisha mtoto mgongoni, akakaza fundo la shuka.

"Nyasi hizi," akasema, "zimeota haraka."

Salesio alifurahi kupita kiasi. Njura akaniita Siakago, kwenye tambarare kame, akanionyesha ukuta wa hoteli yake. "Huku kwetu mbuzi wanakula magazeti," akasema. "Nataka mteja anywe chai akitazama malisho." Nikampa malisho, na watu wamesimama ndani yake. Baada yake akaja mwenye bucha, kisha mwenye kinu. Nilijifunza nyasi za baada ya mvua na nyasi za upepo. Nilizifuta na kuzirudia kama zamani, ila vidole vya mtu brashi yangu haikuvigusa tena. Wakaanza kuniita fundi wa nyasi. Jina likakua, na kadiri lilivyokua nililivaa kama nguo ya kuazima, nikichelea mwenyewe atanikuta nayo njiani. Habari za Rwamba hazikuja. Mtoto wa Wambeti alijifunza kutembea. Moto wetu ulipozimika, nilikwenda kuuomba mwisho wa kijiji.

Baba aliendelea kuja na sukari. Siku hizo alivaa raba, hata ndani ya nyumba, hata mbele ya moto. Tulikula bila kutazamana. Kisha mwezi mmoja alifika mchana, amepitia barabara ya dukani, akasimama mlangoni na mfuko wake mkononi.

"Nimeuona ukuta wako," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Wana migongo mizuri. Nimeitafuta miguu."

Nikasukuma kuni mekoni.

"Hukuwa mtu wa kuficha kazi, Wanjira."

"Nilijifunza," nikasema.

Mama akakohoa. Nami, badala ya kuinamisha uso kwa heshima kama siku zote, nikazitazama zile raba. Sikuyaondoa macho. Nilidhani atanipiga, na sehemu moja ya moyo wangu ilitamani anipige, ili kitu hicho kiwe kimesemwa.

Baba aliweka sukari chini. Akachukua kigoda, akatoka nacho, akakiweka juani mbele ya ukuta wetu, kando kabisa ya njia ya mtoni. Akaketi. Akainama akafungua kamba, mguu mmoja, kisha wa pili, akazipanga raba ubavuni kama viatu vya mgeni. Miguu ilikuwa imepauka na kulainika, kama kitu kilichofichwa chunguni. Kidole kilikuwa bado kimepanda juu ya mwenzake.

"Nilidhani gunia humfunika mtu mzima," akasema.

Alisema hivyo tu. Sikumwuliza walimpa nini, wala walimtishia nini. Alionekana mzee kuliko umri wake.

"Chora," akasema. "Hapa ukutani. Kubwa."

"Baba Wanjira," mama akaita kutoka ndani, "ingia. Watu wanarudi kutoka mtoni."

Hakuinuka. Chini ya mteremko, wa kwanza katika msururu, Wambeti alikuwa anapanda na debe la maji mgongoni, mshipi umembana paji la uso, ameinama sana kama anavyoinama yeyote aliyebeba maji. Hakuwa anaona anga wala mapaa wala nyuso zetu. Alikuwa anaona ardhi tu iliyo mbele yake, na ardhi hiyo ilikuwa inafupika.

Nilikuwa na muda wa kumshika baba mkono nikamwingiza ndani. Nikachukua kipande cha mkaa, nikapiga magoti, nikaanza na kisigino.