Wikio la Kumvukia Mwanamkisi

Dada yangu Mwanamkisi alikuwa akiumwa ng'ambo ya kichochoro, nami sikuweza kumfikia. Nyumba zetu hapa mjini Amu zinatazamana, kila mmoja yuko ghorofa ya juu, na magoti yetu yalishaapa hayataki ngazi. Kwa miaka tulizungumza madirishani. Kisha sauti yake ikaanza kufifia.

Wanangu walitaka wanaume wanibebe kwa kiti. Nikawaambia sipitishwi mtaani kama godoro, mimi Mwanaarabu, binti wa watu. Wakanuna, nami nikanuna zaidi yao.

Ndipo akaja mjukuu wangu Nasreen, msanifu majengo, pamoja na Fanuel, mchongaji aliyesoma naye chuo cha usanifu na sanaa huko Nairobi. Picha zao zimetundikwa ukumbini huko, miongoni mwa wahitimu ambao chuo kinajivunia. Picha haziponyi magoti, nikamwambia. Nasreen alicheka, akasimama dirishani akikipima kichochoro kwa macho mpaka chai yake ikapoa.

"Bibi," akasema, "zamani wanawake wa mji huu walivuka juu kwa juu, wasionekane. Nitakujengea wikio."

Yaani chumba cha kupitia, nyumba hadi nyumba, juu ya vichwa vya wapita njia. Nilidhani ananifariji tu.

Boriti za mikoko zikapandishwa, kisha mawe na chokaa. Fanuel, mtu wa bara yule, akachonga maua ya chokaa ukutani, membamba hata nikaogopa kuyapumulia. Punda walipita chini, watu wakasimama kuangalia juu. Hewa niliyoitazama tangu nilipoolewa sasa ilikuwa na kuta na dari. Nikasema Subhanallah, mwili ukanisisimka.

Fanuel aliniomba ningoje sakafu ikauke. Lakini asubuhi iliyofuata nilimwita Mwanamkisi, naye hakuitika. Nikavua viatu nikavuka, mkono ukutani, chokaa mbichi ikinishika nyayo, nikilia bila kuona haya.

Alikuwa hai, amelala ubavu. Alifumbua macho, akanipapasa uso taratibu, kidevu hadi kipaji.

"Mwanaarabu, umeya na ndia gani?"

"Njia ya juu," nikamwambia. "Nasreen ameijenga."

Dirishani hatukuwahi kukaribiana hivi.

"Kumbe nawe umezeeka," akasema, akanisogezea mto.