Pombe ya Kivukoni

Mzee Munyemana alikuwa msemaji wa upande wa binti, na kazi ya msemaji siku ya posa ni kukataa. Hakatai kweli. Anawazushia wageni makosa, wageni wanajitetea kwa maneno matamu, watu wanacheka, na mwishowe binti anatolewa. Kila mtu katika ua ule wa Gihundwe, upande wa Rwanda, aliujua mchezo, isipokuwa labda Papa Murhula, baba wa bwana harusi, aliyevuka mpaka asubuhi ile kutoka Bukavu, Kongo. Katika ukoo wake posa huzungumzwa kwa sauti ya chini, ndani ya nyumba.

Mucyo aliketi nyuma ya bwana harusi, Delphin, rafiki yake tangu utoto wa Bukavu. Alikuwa amevaa koti jipya. Tangu riwaya yake itoke, watu wa Kamembe walikuwa wakimsimamisha barabarani kumpa mkono. Ilihusu wafalme wa kale na vita vya kuvuka mto Rusizi, na ukurasa wa kwanza ulisema kwamba imetokana na masimulizi ya wazee. Mucyo hakuwa amemuuliza mzee yeyote. Alipenda tu jinsi sentensi ile ilivyompa uzito.

Mitungi ya pombe ya mtama ikaletwa katikati. Anayeleta pombe huionja kwanza mbele ya wote, na msemaji wa wageni alikuwa ameshainama Munyemana alipoinua mkono.

"Ngoja kwanza. Hapana weye. Nataka aonje Papa Murhula mwenyewe. Tumesoma kitabu ya huyu kijana wetu. Bashujaa yetu balifika kivukoni bamechoka, mutu moja jina yake Murhula akabapokea na pombe. Bakakunywa, bakalala, bakachinjwa sawa mbuzi. Sasa Murhula mwengine ametuletea pombe. Tuseme nini, batu yangu?"

Ua ukacheka. Mucyo naye alicheka, akanyoosha koti lake, maana wengine walikuwa wakigeuka kumtazama.

Papa Murhula alisimama, akavua kofia. Alikwenda kwenye mtungi, akanywa kwa muda mrefu kuliko desturi inavyotaka, akajifuta mdomo. Akakataa kipaza sauti alichopewa.

"Baba yangu alikufa bila kutuambia hii neno," alisema. "Mi nilijua tu pale Delphin aliniletea kitabu. Nikauliza dada yangu mukubwa, naye hajui. Nazani bakubwa yetu baliona haya. Basi leo, mbele yenu, ninaomba musamaha kwa ajili yabo."

Kicheko kilikatika. Delphin aligeuka taratibu, akamtazama Mucyo.

Mucyo alisimama. Siku ya posa hasemi asiye msemaji, lakini alisimama.

"Wazee, hayo hayakutokea. Ni mimi nilitunga. Hakukuwa na Murhula kivukoni. Hakukuwa na pombe."

Munyemana alimkodolea macho, halafu akapasuka kwa kicheko. "Munasikia? Bamemukodisha mwandishi aje afute kitabu yake! Hawa batu ya Bukavu ni bajanja. Kijana, utalipa kreti ya bia kwa kuruka zamu."

Watu walicheka kwa nafuu kubwa, wale waliokuwa wamebana pumzi ndio waliocheka zaidi. Mucyo alirudia, sasa kwa sauti ya moto. Kadiri alivyopandisha sauti, ndivyo walivyopiga makofi, kwa sababu alisema vizuri. Binti, Tumukunde, akatolewa. Nyimbo zikaanza. Papa Murhula aliketi na kofia yake magotini, hakupiga makofi.

Watu walipokuwa wakila, alimwita Mucyo pembeni, nyuma ya jiko.

"Ile ulisema, ni muchezo ao ni kweli?"

"Ni kweli, Papa."

"Na kwa nini jina yetu?"

Katika riwaya kulikuwa na maombolezo ya mjane, beti alizozitunga Mucyo mwenyewe, na mshororo ulidai jina fupi kabla ya kituo. Alikuwa amejaribu majina mengine. Yote yalichechemea.

"Lilikaa vizuri kwenye ubeti," alisema.

Papa Murhula alifikiri. "Ulikula kwangu."

"Ndiyo, Papa."

"Ulilala kwangu wakati mama yako alikuwa mugonjwa."

"Ndiyo."

"Twende kwa yule muzee."

Munyemana alikuwa peke yake, amelegeza shuka lake la sherehe, anakula sambaza, vile visamaki vya ziwani, kwa vidole. "Weye bado?" alimwambia Mucyo akicheka. Kisha akaona uso wa Papa Murhula, akaweka sahani chini.

Mucyo alieleza yote polepole, bila kupandisha sauti.

"Hakuna kivuko?" Munyemana aliuliza.

"Kivuko kipo. Watu wale hawakuwepo."

"Hata bale balilala?"

"Hata wao."

Munyemana alitazama mikono yake yenye mafuta ya samaki. "Babu ya babu yangu alienda kwa vita akakosa kurudi," alisema. "Kwetu hakuna mwenye alijua alikufia wapi. Niliposoma kitabu yako nikasema, basi, ni pale. Siku ya Pasaka nilipeleka batoto yangu bote kivukoni. Tukaomba. Mudogo kabisa akatupa maua mu maji."

Mucyo alisema atalifuta tukio lile katika chapa inayofuata. Papa Murhula alivuta kiti, akaketi kando ya Munyemana, bega kwa bega, kama watu wa nyumba moja iliyofiwa.

"Sasa niambie, kijana," alisema Munyemana, na hapakuwa na mchezo wowote katika sauti yake. "Babu ya babu yangu alikufia wapi?"

Wazee wawili walimtazama, wakingoja.