Kimeazimwa, Hakikutolewa

Afisa wa mjini alifika kupima mlango kabla hata barua ya kutufunga haijanifikia. Nilimkuta asubuhi barazani kwetu na futi kamba mkononi, anapima upana wa mlango, kisha urefu, kisha anaandika. Nikadhani ni fundi. Nikamwambia kama amekuja kwa habari ya bawaba, amechelewa miaka mitatu, tumeshazoea hivyo hivyo. Akanitazama kwa huruma, ile huruma ya mtu ambaye gari lake linamsubiri.

"Mama, napima kwa ajili ya masanduku," akasema. "Nataka kujua kipi kitapita kizima na kipi itabidi kifunguliwe vipande."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba makumbusho yetu yamekufa. Barua yenyewe ilifika mchana, imekunjwa vizuri, na lugha tamu: serikali inabana matumizi, makumbusho madogo ya mashambani yafungwe, mshahara wa mtunzaji usimame mwisho wa mwezi, vitu vyote vihamishiwe ghala la makumbusho makuu "kwa usalama wake." Mtunzaji ni mimi. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikifuta vumbi katika ghala lile la zamani la pamba, chumba kimoja kirefu chenye madirisha sita yaliyofungwa na vitu mia mbili na kumi na vinne. Wifi yangu, fundi cherehani mwenye kibanda ng'ambo ya barabara, huniita Mama Vumbi, na amewafundisha wateja wake waniite hivyo pia.

Mshahara uliniuma, sitasema uongo. Lakini kilichonichoma moyo ni lile neno ghala. Ghala la mjini nalijua. Nilipokwenda mafunzoni walitutembeza humo: rafu mpaka darini, masanduku yenye namba, hewa nzito. Nilimwuliza mlinzi ni nani huyafungua. Alifikiri kwa makini, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, kisha akasema, "Mchwa." Kitu kikiingia mle hakuna mtu wa kwetu atakayekiona tena maishani mwake.

"Alhamisi nakuja na lori," afisa alikuwa ameniambia asubuhi ile kabla ya kuondoka. "Niandalie daftari la mapokezi, lile la asili. Kila nitakachopakia lazima kiwe na mstari wake humo."

Hapo ndipo aibu iliponipanda, juu ya msiba wenyewe.

Daftari lile liliandikwa na mjomba wangu, seremala, mtunzaji wa kwanza. Kabati zote za mle ndani alizipiga randa kwa mikono yake. Alipoanza, alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba vitu vya kale, na kila nyumba ilimnyima. Nani atamkabidhi seremala mvukuto wa uhunzi wa babu yake hivi hivi? Basi akabadili ombi. Akawa anasema: sitaki unipe, niazime tu, kitakaa pale kila mtu akione. Watu wakamwazima. Na kila mstari wa daftari lake, kuanzia wa kwanza, una jina la mtu, jina la kitu, dole gumba au sahihi, na maneno yale yale: "Kimeazimwa, hakikutolewa. Mwenyewe akikitaka, apewe siku hiyo hiyo bila maswali."

Mafunzoni, mwalimu alitubandikia ukutani nakala ya ukurasa mmoja wa daftari hilo, kama mfano wa jinsi daftari la makumbusho lisivyotakiwa kuandikwa. Darasa zima lilicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, ili asijue mtu kwamba ni letu.

Nikarudi nyumbani na bunda la fomu za kukabidhi umiliki, kichwa kimejaa elimu. Nilizunguka mwezi mzima. Mfinyanzi, bibi mmoja mkali ambaye mitungi yake na ya mama yake inajaza kona nzima ya makumbusho, alinigusa paji la uso akaniuliza kama nina homa. Wengine walikuwa na adabu zaidi, wakasema watafikiri, na mpaka leo wanafikiri. Hakutia sahihi hata mmoja. Basi, ili niwe mfano, nikajaza fomu yangu mwenyewe. Mama yangu alikuwa mkunga. Baiskeli aliyoipanda kwenda kuzalisha, yenye kisanduku chake cha bati nyuma, mjomba alikuwa ameiazima kutoka kwake kama vitu vingine. Nikaikabidhi serikalini, nakala nne, na muhuri. Mjomba alikuwa hai bado. Hakunisemesha wiki nzima, na alipoanza tena kusema nami hakuigusa habari hiyo.

Sasa Jumanne nikaketi kunakili daftari lake katika karatasi safi, nikidhani nitamsetiri marehemu mbele ya yule kijana wa mjini. Nikaandika: mvukuto, umeazimwa. Mizani ya pamba, imeazimwa. Kengele ya shule ya kwanza, imeazimwa. Nilipofika mstari wa ishirini na kitu kalamu ikasimama. Nikaisoma tena ile sentensi niliyoichekea darasani. Mwenyewe akikitaka, apewe siku hiyo hiyo bila maswali.

Nilivuka barabara mbio, na mimi si mtu wa mbio.

Wifi alinisikiliza mguu ukiwa juu ya kanyagio la cherehani. "Kwa hiyo," akasema pole pole, "serikali haina kitu mle ndani."

"Haina."

"Miaka yote hii ilikuwa inakulipa ufute vumbi la vitu vya watu."

"Ndiyo hivyo."

"Na wenyewe wakivitaka?"

"Lazima wapewe. Siku hiyo hiyo."

Akashusha mguu. "Wewe kaa hapa unishikie kibanda," akasema. "Mteja akija kuuliza gauni lake, mwambie bado. Watu hawa hawana haraka na magauni, wana haraka na habari."

Alhamisi lori lilipoingia, foleni ilikuwa imeanzia mlangoni, imezunguka ghala, imetokea upande wa pili. Watu waliomwazima mjomba wenyewe, na watoto wa wale waliokufa, kila mmoja na mkokoteni, kamba, au kichwa chake na kata ya kubebea. Mwenyekiti wa ushirika alikuwa wa tatu, kwa sababu ya mizani. Mfinyanzi alikuwa wa kwanza. Alikuwa amekuja na kigoda na alikuwa amekikalia.

Afisa alishuka akiwa na bunda la stika zenye namba. "Hawa ni wapakiaji?" akaniuliza.

"Hawa ni wenyewe," nikasema, nikamfungulia daftari.

Alisoma ukurasa wa kwanza amesimama. Wa pili aliusoma akitafuta mahali pa kukaa. Alifunua, akafunua, akarudi nyuma, akafunua tena, na foleni nzima ikamtazama. Alikuwa mtu wa karatasi, na mtu wa karatasi ukimwekea karatasi mbele hawezi kujitia hamnazo. Akapiga simu kwa mkubwa wake, akasema "ndiyo mzee" mara nyingi, kisha akakata.

"Mzee anasema mali ya kuazimwa si yetu," akaniambia. "Lakini anauliza, na mimi nauliza, nitajuaje kwamba daftari hili halikuandikwa wiki hii? Nimefunga makumbusho sita, mama. Kila mahali kuna vilivyotolewa na vilivyoazimwa. Hapa vitu mia mbili na zaidi, na hakuna hata kimoja kilichotolewa? Hata kimoja? Hilo halijapata kutokea. Nikilikubali hivi, mjini watasema mmenilisha kitu."

Nikahisi mkono wa wifi umenishika kiwiko, umekibana. Alijua ninachowaza. Fomu ya baiskeli ilikuwa kwenye droo yangu, chini kabisa. Katika daftari, mstari wake ulikuwa kama mistari ya wenzake: kimeazimwa. Nakala za mjini huenda zilikuwa sandukuni pamoja na mchwa. Ningenyamaza, baiskeli ya mama yangu ingetoka mlangoni na mimi ningekuwa nimeishika usukani.

"Nyamaza," wifi akanong'ona. "Wifi, nakuomba. Nyamaza."

Lakini nilimwona kijana yule anavyolitazama daftari. Alikuwa ameanza kutoliamini. Kama ningeficha karatasi moja na siku moja ikaonekana, basi kila dole gumba la mjomba lingekuwa uongo, na lori lingerudi na askari. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo nalisema bila kona: nilimcheka mjomba mara moja mbele za watu. Sikutaka kumfanya mwongo pia.

"Kipo kimoja kilichotolewa," nikasema.

Nikaileta fomu. Aliisoma, akanitazama, akaisoma tena. Jina langu, sahihi yangu, jina la mama yangu, muhuri wa ofisi yake mwenyewe na tarehe ya miaka mingi nyuma. Akafungua faili lake, akatafuta, akapata karatasi kama ile. Ilikuwepo. Ilikuwa nakala pekee aliyokuwa nayo kutoka kwetu, na alikuwa ameibeba tangu asubuhi bila kutuambia.

"Nilikuwa nangoja kuona kama utaitaja," akasema.

Wifi akaniachia kiwiko.

Afisa akakaa, akaandika mistari minane, akagonga muhuri: vitu mia mbili na kumi na vitatu ni mali ya watu binafsi, warudishiwe. "Anza foleni, mama," akasema. Mfinyanzi akainuka, akakunja mkono wa gauni, akasema, "Nataka changu, bila maswali." Alikuwa amefanya mazoezi.

Vitu vilitoka mpaka saa nane mchana. Mvukuto ulipita, kengele ya shule ikapita ikilia begani kwa mzee mmoja aliyeipiga wakati akiwa mwanafunzi, mizani ya pamba ikapita imebebwa na watu wanne na mwenyekiti akiwaelekeza vibaya. Watu walikuwa wakicheka kwa sauti barabara nzima. Mimi niliisukuma baiskeli mpaka kwenye lori, nikamwomba dereva aifunge kwa fremu, asiifunge kwa ringi. Akaifunga kwa fremu. Lori kubwa lile likaondoka na baiskeli moja. Niliingia ndani nikalia, na wifi akalia nami, kisha akanipangusa kwa kitambaa cha mteja.

Ijumaa, ghala likiwa tupu, nilikuwa nafagia ili nimkabidhi mwenyekiti jengo la ushirika wake. Mfinyanzi akaingia na mtungi.

"Wajukuu zangu wameuzunguka tangu jana," akasema. "Haufiki Jumapili. Ninauweka hapa."

"Bibi, makumbusho yamefungwa."

"Ya serikali yamefungwa. Mimi naweka mtungi wangu kwenye ghala la ushirika wangu. Nani ananizuia? Na safari hii utatazama mlangoni. Miaka kumi na tisa umeugeuza kisogo."

Nyuma yake alikuwa mhunzi. Nyuma ya mhunzi ulikuwepo mkokoteni. Vitu ambavyo mjomba aliomba nyumba kwa nyumba vilikuja vyenyewe, na kila kimoja kilikuja na masharti. Mhunzi alitaka mvukuto uachwe uvuvie, usifungwe kabatini. Mwenyekiti alitaka watoto wapimwe kwenye mizani. Kila mmoja alisoma karatasi yangu ya maelezo na kunionyesha nilipokosea, na nilikuwa nimekosea sana. Kile nilichokiandika kuwa kichujio cha maziwa kilikuwa kofia. Umeme ulikatwa wiki ile, basi tukafungua madirisha yote sita, ambayo kanuni za mjini zilitaka yafungwe, na kwa mara ya kwanza nikaona rangi za mikeka zilivyo kweli.

Wifi ndiye aliyegawa zamu: kila nyumba siku yake, na anayekaa zamu aeleze cha kwao kwanza. Mimi akanipa kazi ya nusu siku kibandani, kushona vifungo. Navishona vibaya, na yeye hawafichi wateja.

Jumatatu moja, mwezi wa tatu wa mambo haya, vifungo vilinichelewesha. Nilivuka barabara saa nne nikiwa na wasiwasi kwamba nimewaacha watu nje. Barazani kulikuwa na viatu vidogo vidogo vimetapakaa, jozi arobaini au zaidi, na barabarani limesimama basi la shule nisiyoijua. Mlango ulikuwa wazi. Ndani mvukuto ulikuwa ukivuma, watoto wanapiga kelele kwenye mizani, walimu wao wanaandika, na mfinyanzi amesimama katikati, anaeleza udongo unavyochaguliwa, huku mikono ya watoto ikipita tumboni mwa mtungi wa mama yake. Nilisimama kizingitini. Hakuna aliyekuwa ananingoja. Hakuna aliyenihitaji hata kwa dakika moja, na furaha ilinijaa.

Bibi akaniona, na kwa mwanga wa mlango uliokuwa nyuma yangu, nadhani hakunitambua vizuri.

"Karibu ndani, mwanangu," akasema. "Usiogope. Hapa unaruhusiwa kugusa."

Nikavua viatu, nikavipanga na vya watoto, nikaingia.